Laki mbili na nusu mkononi: simu mpya ya bei ya chini, ya mtumba iliyokuwa ya bei, au kitochi?

Mwenye laki mbili na nusu akisimama mbele ya kabati la simu Mtwara mjini, Lindi au Masasi ana njia tatu. Ya kwanza ni simu janja mpya ya ngazi ya chini, ikiwa kwenye boksi lake. Ya pili ni ya mtumba, Samsung ya S au iPhone ambayo miaka saba au nane iliyopita ilikuwa ya wenye nazo. Ya tatu ni kitochi, na pesa nyingi inabaki mfukoni. Zote tatu zinapiga simu na zote zinatuma pesa. Siku ya kununua utaona zinakaribiana, maana zote zinang'aa. Tofauti inajitokeza mwezi wa sita au wa nane, kitu cha kwanza kinapoharibika, na hapo swali la maana ni kama fundi aliye karibu nawe ana kifaa cha kukirudishia.

Vigezo vya ulinganisho huu ni hivi: chaji, kasi na nafasi, mtandao, kioo na kamera, uvumilivu wa chumvi na salfa, vipuri, na hatari ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Rangi na umbo tumeviacha.

Chaji

Simu mpya nyingi za ngazi ya chini zina betri ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) na chaja ya wati 10. Betri hiyo hubeba kama wati-saa 19. Chaja haitoi wati zote 10 mpaka mwisho, kwa hiyo kuijaza kutoka sifuri huchukua saa tatu hivi. Ikijaa, mtu wa WhatsApp na simu za kawaida anamaliza siku na analala nayo. Kwa anayetegemea paneli ndogo ya jua juu ya bati hali ni tofauti. Paneli ya wati 10 siku ya mawingu inaweza isitoe hata nusu ya hizo, na simu italala kwenye waya tangu asubuhi hadi alasiri. Waya nao una mchango wake: waya mwembamba wa kununua kwa kupita hupunguza umeme unaofika, na watu wengi hulaumu betri bure.

Kwa mtumba, betri ndiyo kiungo kinachozeeka kabla ya vingine. Galaxy S9 ilitoka kiwandani na mAh 3,000, iPhone 8 na mAh 1,821 tu. Ondoa humo kilicholiwa na miaka, na simu nzuri kabisa itakuwa inatafuta waya saa nane mchana. Kwenye iPhone ingia kwenye mipangilio, sehemu ya betri, usome asilimia ya afya yake. Chini ya 80, jumlisha bei ya betri mpya kwenye bei ya simu kabla hujapatana. Ukikuta 100 kwenye simu ya mwaka 2017, ujue betri imeshabadilishwa; uliza ni ya aina gani na nani aliibadilisha.

Kitochi kina betri ya mAh 1,000 hivi, chini ya wati-saa 4. Umeme unaojaza simu janja moja unajaza vitochi vitano. Kinakaa siku tatu hadi tano, na kwa vile betri yake inatoka kwa ukucha, unaweza kuweka ya akiba mfukoni. Kwa mtu wa kijiji ambacho kuchajisha simu ni safari na ni malipo, hapa hakuna mashindano.

Kasi na nafasi

Hapa ndipo simu mpya ya bei ya chini inapowachosha watu.

Namba mbili kwenye boksi ndizo za kusoma: RAM, yaani kumbukumbu ambayo programu hufanyia kazi zikiwa wazi, na GB za kuhifadhia. Ukiona "4GB" halafu kwa maandishi madogo "2+2", hiyo ni simu ya RAM ya GB 2. Zile mbili za nyongeza zimekatwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia, ambayo kasi yake ni ndogo mara nyingi ukilinganisha na RAM. Soma namba ya kwanza tu. Hata Google walipotoa Android 13 ya Go, ile nyepesi iliyotengenezwa kwa simu kama hizi, waliweka GB 2 kuwa kiwango cha chini kabisa. Maana yake ukinunua ya GB 2 unaingia uwanjani ukiwa umeegemea mstari. Ya GB 3, na bora zaidi 4 za kweli, inastahili kuongezewa elfu thelathini au arobaini kama zipo.

RAM ndogo inaonekana hivi. Umefungua programu ya benki na inakutaka uweke namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe. Unatoka kwenda kuisoma, unarudi, na programu imeanza upya kutoka mwanzo kwa sababu simu imeifunga ili ipate nafasi ya kufungua ujumbe. Unaomba namba nyingine, na mambo yanakuwa yale yale. Dawa ni kuisoma namba pale juu inapodondoka bila kutoka kwenye programu, au kuachana na programu na kutumia menyu ya kubonyeza, *150*00#, *150*01#, *150*60# au *150*88# kulingana na mtandao wako. Menyu hizo hazijali RAM.

GB za kuhifadhia nazo zina hesabu yake. Simu ya GB 32 inaanza na kama 29 kwa jinsi kompyuta inavyohesabu, kisha mfumo na programu za kiwandani zinachukua 10 hadi 14. Unabaki na 15 hadi 19. Makundi mawili ya WhatsApp, la ukoo na la chama cha msingi, yakiwa na watu wanaopenda kusambaza video, yanazimaliza ndani ya miezi michache. Nafasi ikikaribia kuisha simu inaganda, kwa kuwa haina pa kuandikia. Acha wazi angalau GB 4. Zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja kwenye WhatsApp, na kila mwezi ingia sehemu ya kusimamia hifadhi ufute yale makubwa. Memori kadi inasaidia kwa picha na nyimbo, ila programu nyingi haziendi huko. Na memori kadi ya GB 512 inayouzwa elfu kumi ni ya uongo: inaonyesha 512, inaandika chache, halafu picha za harusi zinageuka makopo matupu.

Simu ya mtumba iliyokuwa ya bei inashinda hapa bila jasho. Prosesa yake ya miaka minane iliyopita bado inaiacha mbali prosesa ya simu mpya ya laki mbili, na S9 ina RAM ya GB 4 za kweli na nafasi ya GB 64. Kasoro yake ni umri wa mfumo. S8 iliishia Android 9, S9 ikaishia 10, S10 ikafika 12. iPhone 7 iliishia iOS 15. Mwaka 2025 WhatsApp ilikuwa inataka Android 5 au iOS 15.1 kwenda juu, kwa hiyo iPhone 7 ipo ukingoni, na iPhone 6, iliyokwama kwenye 12, imeshatoka. Anayekuuzia iPhone 6 kwa laki moja anakuuzia kioo cha kujitazamia. Simu mpya za chini nazo kwa kawaida hazipandishwi toleo la Android, ila zinaanzia juu, na zitachukua miaka kabla ya kukataliwa.

Kitochi hakigandi. Lakini jihadhari na kile cha 4G kinachouzwa kwa sifa ya kuwa "kina WhatsApp". WhatsApp ya vitochi vya KaiOS, mfumo unaoendesha vingi vya vitochi hivyo, haipakuliwi tena tangu Juni 2024. Ukinunua kwa ajili hiyo, umenunua tochi.

Mtandao

Simu mpya inayouzwa rasmi Tanzania imepangwa kwa mawimbi ya hapa na ina laini mbili. Jambo limeisha.

Mtumba wa kutoka Marekani, Korea au Japani una mambo matatu ya kuchungulia. Nyingi ni za laini moja, na kwetu mtu wa laini moja ni nadra. Baadhi zimefungwa kwa mtandao wa kule. Ukiweka laini yako inaomba namba ya kufungulia. Halafu kuna mawimbi: 4G ya masafa ya chini, ya 700 na 800, ndiyo inayofika mbali mashambani, na simu iliyotengenezwa kwa soko jingine inaweza isiyashike. Mjini utaona 4G safi. Ukifika Kitangari au ndani ya Liwale inashuka, huku jirani mwenye simu ya bei nusu ya yako anaangalia mpira. Jaribu na laini yako mwenyewe, na ikiwezekana patana na muuzaji upate siku mbili za kuijaribu nyumbani. Kama simu inatoa mlio wa kupiga picha hata ukiizima sauti, huenda ni ya Japani au Korea. Za kule mlio huo haufungiki.

Kitochi cha 2G kinashika pale ambapo simu janja inazunguka kutafuta intaneti, na malipo ya korosho yakiingia ujumbe unafika vilevile.

Kioo na kamera

Kioo cha simu mpya ya chini kwa kawaida ni kikubwa, inchi 6.5 hivi, lakini ni cha pikseli 720 na mwanga wake ni mdogo. Saa saba mchana kwenye kivuko cha Msangamkuu utakifunika kwa kiganja ili usome namba. AMOLED, aina ya kioo iliyo kwenye Samsung ya mtumba, inaonekana vizuri zaidi juani, ila ichunguze kama ina kivuli: fungua picha nyeupe tupu, uangalie kama alama za vitufe au saa zimebaki chini yake. Bonyeza *#0*# kwenye Samsung, utapata menyu ya kupima rangi, mguso na spika.

Kuhusu kamera, zile duara tatu nyuma ya simu ya laki mbili zihesabu kuwa moja. Nyingine ni mapambo. Kipimo cha haraka: weka kitambulisho cha NIDA umbali wa shibiri moja, kipige picha, kisha ikuze. Ukishindwa kusoma namba, kamera hiyo hailengi karibu, na kila utakapotakiwa kutuma picha ya kitambulisho au stakabadhi utahangaika. Za mtumba hufaulu. Kitochi hakimo.

Chumvi, vumbi na salfa

Kusini kuna maadui ambao boksi haliwataji.

Wa kwanza ni salfa. Kuanzia Mei au Juni, mikorosho ikianza kupulizwa, unga ule wa njano huingia kwenye wavu wa spika, kwenye maiki na kwenye tundu la chaji. Salfa hula shaba na fedha, na miguso ya ndani ya tundu imejengwa kwa madini ya namna hiyo. Ikichanganyika na jasho au umande huacha weusi kwenye miguso, na simu inaanza kuchaji kwa kubembelezwa, waya uelekezwe upande huu, simu ilazwe upande ule. Usipulize kwa mdomo, unaongeza unyevu. Zima simu, safisha kwa mswaki laini mkavu ukiinamisha tundu chini, na siku ya kupuliza iache nyumbani au ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa. Kwa siku hizo kitochi kinafaa kwenda shambani kuliko zote: keypadi ya mpira huzuia unga mwingi, na tundu likifa betri bado inachajika kwa chaja ya nje ya kubana.

Wa pili ni maji ya bahari, kwa watu wa Mikindani, Msimbati na Kilwa. Simu ya mtumba inaweza kuwa na sifa ya kuzuia maji, IP67 au IP68. Sifa hiyo ilikuwa ya gundi ya kiwandani, na simu ikishafunguliwa kubadilishwa betri au kioo, ichukulie kuwa haipo tena. Ikidumbukia, zima, toa laini, usichaji. Mchele hausaidii, unaweza kunyonya unyevu kidogo, chumvi inabaki kwenye bodi na inaendelea kula. Inatakiwa ifunguliwe siku hiyohiyo na bodi isafishwe kwa spiriti. Simu mpya ya chini kwa kawaida haina kinga ya kuzama majini, ila ikifa imekufa ya laki mbili yenye dhamana ya mwaka mmoja. Na dhamana hiyo nayo haigusi maji.

Fundi na vipuri

Kioo cha itel, Tecno au Infinix ya kawaida fundi anakuwa nacho dukani, au anakipata siku ya pili. Cha S9 kinaagizwa Kariakoo, kinapanda basi la usiku, na AMOLED halisi inaweza kugharimu karibu na ulichonunulia simu yenyewe. Mafundi wengine hufunga kioo cha bei rahisi kisicho AMOLED: simu inanenepa, rangi zinafifia, na alama ya kidole chini ya kioo, kwa zile zenye nayo, haifanyi kazi. iPhone ina vioo vingi vya kuiga, vya ubora wa kila namna. Uliza bei ya kioo kabla ya kununua simu, siyo baada ya kuidondosha.

Kitochi kwa fundi ni kazi ya dakika ishirini, na mara nyingi matengenezo yanashindana na bei ya kingine kipya.

Kukwepa kulaghaiwa

Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, pesa inaingia na wauzaji wa mkononi nao wanaingia. Hatua hizi zinachukua dakika kumi:

Bonyeza *#06#. Namba za IMEI zinazotokea, yaani namba za utambulisho wa simu, zilingane na za boksi, na kwa kitochi zilingane na zile zilizo chini ya betri. Kisha tuma IMEI kwa ujumbe kwenda 15090. Jibu litakutajia simu hiyo ni ya aina gani. Likitaja aina tofauti na unayoishika, rudisha. Tarehe 16 Juni 2016 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ilizima simu zenye IMEI za bandia, na mfumo wa kuzitambua bado upo.

"S24 Ultra" ya laki mbili ni boksi la kuigiza. Pakua programu ya CPU-Z uone prosesa na RAM za kweli. Ukurasa wa "Kuhusu simu" unaweza kuandikwa chochote.

Kwa mtumba, mwambie muuzaji aireseti mbele yako mpaka iwake upya. Ikiomba akaunti ya Google au ya Apple ya mtu mwingine, usilipe hata kama anaapa kwamba fundi anaitoa. Angalia pia kama kuna programu ya mkopo: simu iliyochukuliwa kwa malipo ya kila siku na haijamalizwa itajifunga yenyewe mikononi mwako, na mkopeshaji hakujui.

Ukinunua mpya kwa mkopo wa namna hiyo, zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku zote, ongeza kianzio, kisha linganisha na bei ya taslimu. Wengi hufanya hesabu hiyo baada ya kusaini.

Nani achukue ipi

Mkulima wa Tandahimba au Nachingwea anayetaka kupokea malipo, kupiga simu na kuulizia mnada, na umeme kwake ni wa jua: kitochi, na pesa inayobaki iende kwenye betri ya akiba. Akihitaji kuona bei za mnada kwenye kundi la WhatsApp, aongeze simu janja mpya ya chini inayobaki nyumbani. Laini yenye pesa ikae kwenye kitochi. Ndicho kisichoibiwa sana.

Mwanafunzi wa chuo Mtwara mjini mwenye soketi chumbani anayesoma PDF na kupiga picha za notsi: mtumba unamfaa, akipata wenye laini mbili, betri iliyobadilishwa na kioo kisicho na kivuli, na akibakiza kama elfu hamsini za matengenezo. Asiyeweza kubakiza hizo achukue mpya.

Bodaboda na wakala wa pesa, ambao simu ikilala kazi imelala: mpya, RAM ya GB 3 au zaidi, ya aina ambayo fundi wa mtaa wao anauza kioo chake. Siku hiyohiyo inunuliwe kava yenye kingo zilizoinuka na protekta.

Mvuvi: kitochi baharini, ndani ya mfuko wa kuvaa shingoni usiopitisha maji. Simu janja, ya aina yoyote kati ya hizo mbili, ibaki pwani.

Mzazi au bibi anayetumiwa simu kutoka Dar ili aone wajukuu kwa video: mpya yenye kioo kikubwa, iliyofutwa programu zisizo na kazi kabla ya kupandishwa basi, WhatsApp ikiwa imeshafunguliwa kwa laini yake, maandishi yamekuzwa, na upakuaji wa moja kwa moja umezimwa. Kitochi chake cha zamani asinyang'anywe.